Hesabu ya usiku

Dada yangu alikuja kwangu jioni akiwa bado na kanga za jikoni, jambo ambalo halifanyi. Hakukaa. Alisema, "Kaka, mwanao anakwenda kulinda wafungwa." Binti yake, mpwa wangu, alikuwa amempigia simu kutoka jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kumweleza kwamba ameacha kazi ya kuangalia wazee aliyoifanya kwa miaka sita, na sasa amepokelewa kuwa kuruta katika jela ya kaunti anakoishi. Dada alitaka nimzuie. Mjomba ana neno lake kwa mpwa, na katika ukoo wetu neno hilo halipuuzwi.

Nami nilikuwa na sababu zangu za kutaka kumzuia. Mimi na dada tulikulia kota za magereza. Baba yetu alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu, na jioni zetu zote zilitegemea hesabu. Kabla ya kufungiwa, wafungwa walihesabiwa. Hesabu ikitimia, baba anarudi na tunakula. Isipotimia, mama hasemi kitu. Anafunika sahani na kukaa mlangoni. Baba alikuwa mtu wa maneno machache sana. Usingizini ndiko alikokuwa akiongea.

Kwa hiyo nilimpigia binti huyu simu nikiwa na hotuba kamili. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: "Mjomba, siendi kulinda wafungwa. Wengi wa watu wale ni mahabusu."

Tunalo neno hilo, na ni neno lenye uzito kuliko tunavyolichukulia. Mtu wa Dar es Salaam akisema ndugu yake yuko Segerea au Keko, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama amefungwa au yuko mahabusu. Kufungwa ni kwamba hakimu ameshasema. Mahabusu ni mtu aliyezuiwa huku kesi yake ikisubiri, na mbele ya sheria bado ni mtu kama wewe na mimi, ila hawezi kwenda nyumbani.

Marekani tofauti hiyo imejengewa kuta mbalimbali. Gereza ni la jimbo au la serikali ya shirikisho, na anayepelekwa huko ameshahukumiwa, kwa kawaida kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja. Jela ni ya kaunti. Washington peke yake ina kaunti 39, nchi nzima ina zaidi ya 3,000, na jela za kaunti hizo kwa sehemu kubwa ziko chini ya sherifu, ofisa ambaye mara nyingi huomba kura kama mbunge wetu anavyoomba. Cheo anachokiendea mpwa wangu ni cha naibu wa sherifu upande wa jela. Katikati ya mwaka 2023 jela za namna hii zilikuwa na watu wapatao 664,000, na saba katika kila kumi walikuwa hawajahukumiwa. Lakini idadi hiyo ni ya siku moja tu. Ukihesabu waliopita mlangoni kwa mwaka, ni zaidi ya milioni 7. Gereza ni kama bweni, ambako watu wanajuana kwa miaka. Jela ni stendi ya mabasi: usiku kucha watu wanashuka na wengine wanapanda, na hakuna anayejua mizigo ya mwenzake.

Wanaoshuka ni nani? Mlevi aliyegonga gari. Mume aliyempiga mkewe. Mama aliyeiba maziwa ya unga dukani. Kijana anayesikia sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia, ambaye polisi hawakupata pengine pa kumpeleka. Mtumiaji wa dawa za kulevya ambaye arosto itamshika kabla hakujapambazuka. Wauaji nao wamo, ndiyo, lakini kwa idadi wao ni wachache. Wengi wamekuja na viatu walivyokuwa wamevaa barabarani, hawajala, hawajalala, na hawajui kama kesho watakuwa bado na kazi. Kuruta anawapokea katika saa mbaya kuliko zote za maisha yao.

Ninachokiamini, baada ya miezi ya kufikiri juu ya jambo hili, ni kwamba askari wa jela ya kaunti ni mtunza amana. Kwetu mtu akikuwekea amana, iwe fedha, iwe ufunguo, iwe mbuzi, hutakiwi kuchunguza kama mwenyewe ni mwema au mwovu. Siku ya kuja kuchukuliwa, unaulizwa wewe: kiko wapi kile kitu, na mbona kimevunjika? Mahabusu ni amana ya mahakama, na kabla ya mahakama ni amana ya mama yake. Mengine yote yanayoonekana kuwa ndiyo kazi yenyewe, yaani sare, pingu, funguo, redio kiunoni, ni vyombo vya kutunzia amana hiyo. Kuruta asiyelielewa hili mapema atafanya kazi miaka ishirini akidhani kazi yake ni kufunga milango.

Kuingia tu ni safari. Kuna mtihani wa kuandika, majaribio ya mwili, usaili mbele ya jopo, daktari, mwanasaikolojia, na mashine ya kupima uongo. Kuna mpelelezi anayechimba maisha yako yote: madeni, majirani, waajiri, kila nyumba uliyowahi kuishi. Hapo mpwa wangu alipata shida ambayo Mtanzania ataielewa, maana nyumba aliyokulia haina namba. Aliandika kwamba ni ya tatu kutoka msikitini, upande wa mwembe, na mpelelezi akakubali. Aliyemtolea ushahidi mzito kuliko wote, aliniambia, hakuwa bosi. Alikuwa mtoto wa bibi mmoja ambaye yeye alimwangalia mpaka siku ya kufa. Kuna kaunti za Marekani zinazotaka raia tu. Washington inawaruhusu pia wenye ukazi wa kudumu, na ndiyo maana vijana wetu wa huko wameanza kuitazama kazi hii badala ya kuendelea kubeba maboksi.

Kisha chuo. Kwetu neno kuruta linaleta depo: vumbi, kwata, mchakamchaka wa alfajiri, afande anayefoka. Chuo cha Washington kiko Burien, kusini kidogo mwa mji wa Seattle, na historia yake ina jambo ambalo nimelipenda. Mwaka 2012 tume inayosimamia mafunzo hayo ilipata mkurugenzi mpya, Sue Rahr, aliyewahi kuwa sherifu wa kaunti ya King. Alikuta desturi kwamba ofisa akipita, kuruta anasimama wima, kimya, macho mbele. Akaibadilisha. Aliagiza kuruta amsalimie anayepita na aanzishe mazungumzo. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimfundisha mtu kwa miezi kunyamaza mbele ya mkubwa, siku akipata mamlaka atamnyamazisha mdogo; na kwamba askari wa raia anapaswa kufikiri kama mlinzi wa watu kuliko kama mpiganaji wa vita. Wapo waliompinga kwa nguvu, wakisema analainisha askari. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria bibi yangu, ambaye hakuvumilia mtoto apite mbele ya mtu bila kumwamkia, hata kama mtu huyo ni mwizi anayejulikana mtaa mzima.

Lakini muda ni mfupi, na hili naliandika kwa uchungu. Kwa miaka mingi mafunzo ya askari wa jela Washington yalikuwa wiki nne. Sasa ni wiki kumi, saa 400. Kinyozi katika jimbo hilohilo anatakiwa kusoma saa 1,000 kabla ya kupewa leseni. Sisemi kinyozi asisome. Wembe ni wembe. Nasema kwamba mtu atakayeachiwa roho za watu hamsini au sitini usiku mmoja, wengine wao wagonjwa wa akili, anastahili kufundishwa zaidi ya hapo. Najua kwamba baada ya chuo kuruta anarudi jelani na kutembea na mkufunzi kwa wiki kadhaa, na kwamba anakuwa katika majaribio kwa miezi mingi. Najua pia kwamba sheria ya mwaka 2021 imewaingiza askari wa jela katika utaratibu wa vyeti, hivyo mwenye makosa makubwa ananyang'anywa cheti asiweze kuhamia kaunti ya jirani kimyakimya. Hizo ni hatua njema. Saa 400 zinabaki kuwa chache.

Katika saa hizo anatakiwa kujifunza sheria, na sheria yenyewe imejengwa juu ya vitu vidogo kuliko unavyodhani. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bell dhidi ya Wolfish, ilisema mahabusu hawezi kuadhibiwa, kwa kuwa hakuna hukumu iliyotoa adhabu. Ni maneno mepesi kuyasema. Tazama sasa yalivyokuja kupimwa. Mwaka 2010 katika jela ya kaunti ya Monroe, jimbo la Wisconsin, mahabusu mmoja aitwaye Michael Kingsley alikuwa na karatasi iliyofunika taa juu ya kitanda chake. Taa inamuumiza macho, pengine. Mtu anataka kulala. Askari akamwambia aitoe. Akakataa. Akaambiwa tena, akakataa tena. Asubuhi yake wakaja askari kadhaa, wakamtia pingu, wakambeba hadi selo nyingine, wakamlaza kifudifudi, na katika vuta nikuvute ya kumfungua pingu mmoja akamchoma na bunduki ya umeme mgongoni kwa sekunde kama tano. Kwa sababu ya karatasi.

Kesi ilifika Mahakama Kuu, Washington D.C., na mwezi Juni 2015, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba mahabusu anayelalamikia nguvu iliyotumika hahitaji kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa askari. Inatosha kuonyesha kwamba nguvu ile, ikitazamwa na mtu mwenye akili timamu aliyesimama pale, haikuwa ya kiasi. Ningependa kila kuruta aikariri hukumu hiyo, kwa sababu moja. Karibu kila ugomvi wa jelani unaanza na karatasi. Mtu ameficha tunda la jana. Mtu hataki kurudisha kikombe. Mtu amejifunika shuka gubigubi. Askari anaamini kwamba akishindwa kwenye kikombe, heshima yake imekwisha, na hapo ndipo mkono unapotangulia ulimi. Mpwa wangu aliniambia kwamba kule kwa wazee alikuwa na babu mmoja aliyekataa kuoga kila siku, na kila siku alioga. "Unamfanyaje?" nilimuuliza. "Naondoka, narudi baada ya dakika kumi, nazungumza habari za mbwa wake." Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ujuzi wa kumwogesha mzee mkaidi ni ujuzi wa ulinzi. Sasa ninaamini ndio ujuzi wenyewe.

Mwanasosholojia Gresham Sykes alifanya utafiti katika gereza la Trenton, New Jersey, akachapisha kitabu mwaka 1958 akieleza jambo ambalo askari wakongwe walilijua: mlinzi anaonekana kuwa na mamlaka yote, kumbe wafungwa wakikataa kwa pamoja hana anachoweza. Anaishi kwa kuelewana nao. Magereza ya kwetu yalilitatua hilo kwa nyapara, mfungwa aliyepewa fimbo juu ya wenzake, na sote tunajua nyapara alivyo. Njia nyingine ilijaribiwa California mwaka 1981, jela ya kaunti ya Contra Costa ilipofunguliwa katika mji wa Martinez. Badala ya askari kukaa nyuma ya kioo na kupita koridoni mara mojamoja, alikaa humohumo ukumbini pamoja na mahabusu, bila nondo katikati, zamu nzima. Watu walitabiri maafa. Hayakutokea, na mtindo huo umeenea katika jela nyingi zilizojengwa baadaye. Fikiri, lakini, unamtaka askari wa namna gani. Hawezi kuwa mtu wa kufoka, maana atafoka saa kumi na mbili mfululizo. Lazima ajue majina. Lazima ajue nani ameacha kula tangu jana, nani amepokea simu na kurudi akiwa kimya.

Kimya. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 2019 watu 1,200 walikufa katika jela za kaunti na miji za Marekani. Kati yao 355 walijiua. Tangu mwaka 2000 takwimu hizi zilipoanza kukusanywa kwa utaratibu huo hadi mwaka huo wa 2019, kila mwaka kujiua kulikuwa sababu kubwa kuliko sababu nyingine yoyote moja ya vifo. Sandra Bland alikuwa na miaka 28 aliposimamishwa na polisi barabarani katika kaunti ya Waller, Texas, tarehe 10 Julai 2015, kwa kubadilisha njia bila kuwasha taa ya ishara. Alikuwa amekuja huko kwa ajili ya kazi mpya. Dhamana yake ilikuwa dola 5,000, na ili atoke familia ilihitaji kutafuta kama dola 500 tu. Tarehe 13 alikutwa amekufa selo. Serikali ilisema alijiua. Familia yake haikukubali kwamba habari imeishia hapo. Yeyote unayemwamini, tume ya jimbo inayokagua jela ilikuta mambo mawili: watumishi hawakuwa na uthibitisho wa mafunzo yaliyotakiwa ya kuwatambua walio katika hatari ya kujiua, na mahabusu hawakuwa wakionwa ana kwa ana angalau mara moja kila saa, kama kanuni ilivyotaka. Mwaka 2017 Texas ilipitisha sheria yenye jina lake, na mojawapo ya mambo inayoyataka ni vifaa vya elektroniki vya kuthibitisha kwamba askari alifika kweli mlangoni.

Kwa nini kifaa? Kwa sababu ya kalamu. Katika jela askari anapita milango yote kila baada ya muda uliowekwa, kwa mwendo usiotabirika ili mtu asiweze kuupigia hesabu, na kwa walio hatarini anapita mara nyingi zaidi. Kila akipita anaandika saa. Na kila mahali duniani penye daftari la namna hiyo kuna kishawishi kilekile: kukaa kwenye kiti saa nane usiku, na kuandika saa tisa, saa tisa na nusu na saa kumi kwa mkupuo mmoja, mwandiko mmoja, wino mmoja. Ukifanya hivyo usiku mia mbili, hakuna kinachotokea. Siku moja kinatokea.

Habari ya baba niliijua baada ya kumzika. Mama alinieleza tukiwa tunapanga nguo zake. Mwaka mmoja, sisi tukiwa wadogo, hesabu ya alfajiri ilitimia. Idadi ilikuwa sawasawa. Baba ndiye aliyehesabu, kutoka mlangoni, kwa kuhesabu miguu. Baadaye, wenzake walipoamka, ikaonekana kwamba mmoja wa waliohesabiwa alikuwa amekufa tangu usiku, na mwili umeshakuwa wa baridi. Alikuwa mahabusu, kijana, wa kesi ya kuku. Hakuna aliyemlaumu baba, kwa sababu kwa mujibu wa daftari hakukuwa na kosa. Hesabu ilitaka watu kadhaa, na watu hao walikuwepo. Tangu hapo, mama alisema, baba alihesabu kwa kugusa bega la kila mtu, na wenzake walimcheka kwa kuchelewesha kazi. Sahani zilizofunikwa za utoto wangu zilikuwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani hesabu ilikuwa ikikataa.

Nilimsimulia mpwa wangu akiwa katika wiki ya tatu ya chuo. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Babu alikuwa na tochi?" Sikuwa na jibu. Sijawahi kufikiria.

Kuna maswali niliyomuuliza ambayo hayakupata majibu mepesi, na sitajifanya kwamba yalipata. La kwanza ni la rangi. Marekani mtu mweusi huwekwa jela kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya mzungu. Mpwa wangu ni mweusi, mgeni, na sasa atashika ufunguo wa mlango ambao nyuma yake yuko mjukuu wa watumwa. Nilimwambia hivyo wazi. Alijibu kwamba mahabusu mmoja mzee, siku ya ziara ya makuruta, alimwuliza anatoka wapi, akasema Tanzania, na mzee akamwambia: basi utaniita mzee, siyo namba. Ameliahidi hilo. Ni kitu kidogo sana mbele ya mfumo mkubwa hivyo, na yeye anajua. Lakini nikijiuliza ningetaka nani awe mlangoni usiku ambao mwanangu amekamatwa, jibu langu si kwamba watu wenye huruma waikimbie kazi hii ili waachiwe wasio nayo.

La pili ni la wahamiaji. Katika majimbo mengine jela ya kaunti imekuwa mkono wa idara ya uhamiaji: sherifu ametia saini mkataba, na askari wa jela ndiye anayemhoji mtu kuhusu karatasi zake na kumshikilia mpaka achukuliwe. Washington ilipitisha sheria mwaka 2019 inayozizuia jela zake kushiriki kwa kiasi kikubwa katika kazi hiyo. Kijana wetu anayesoma makala haya akiwa Texas au Florida, akifikiria kuomba, aulize kwanza kama sherifu wake ametia saini mkataba wa namna hiyo. Aulize kabla ya kuvaa sare, maana ukishaivaa, siku atakapoletwa Mkongo wa mtaani kwako anayezungumza Kiswahili chako, utakuwa umeshachagua.

La tatu ni uchovu. Jela nyingi hazina askari wa kutosha, na waliopo wanalazimishwa kubaki zamu ya pili baada ya ya kwanza. Mtu aliyeamka saa ishirini zilizopita ndiye anayetakiwa kutambua kama shuka linapanda na kushuka. Kaunti zinazotoa marupurupu ya kuwavuta makuruta wapya huku zikiwachosha waliopo zinajaza pipa lililotoboka. Wapiga kura wanaomchagua sherifu kwa ahadi za ukali wangemuuliza tu jambo hili: usiku wa manane, una watu wangapi, na kila mmoja amelala saa ngapi?

Wakati nikiyaona hayo yote, nilikuwa nikitafuta jela inayoongozwa na mtu asiye wa fimbo, nikaipata Chicago. Mwaka 2015 sherifu wa kaunti ya Cook, Tom Dart, alimkabidhi jela yake, mojawapo ya kubwa kabisa nchini humo, mwanasaikolojia, Nneka Jones Tapia, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wagonjwa wa akili. Aliiongoza kwa miaka mitatu hivi. Nilimtumia dada yangu picha yake. Dada aliitazama sana, akauliza kama na huyo mama yake alilia.

Mpwa wangu amemaliza chuo. Wiki iliyopita alifanya zamu yake ya kwanza ya usiku akitangulia yeye, mkufunzi wake akiwa hatua mbili nyuma. Kwake ilikuwa saa tisa usiku; kwangu ilikuwa saa saba mchana, nami nilikuwa mezani na chakula sikigusi. Alinipigia alipotoka, akiwa ndani ya gari, sauti imekauka.

Milango kumi ya kwanza ilikuwa sawa. Mlango wa kumi na moja, mtu alikuwa amelala kifudifudi, shuka hadi kichwani, miguu nje. Aliita kwa jina, kwa sauti ya chini. Kimya. Akagonga kioo kwa kucha. Kimya. Mkufunzi hakusema neno. Redioni wenzake wa ghorofa ya juu waliuliza mbona amesimama. Akainua tochi, akaielekeza ukutani badala ya usoni ili mwanga urudi taratibu, akasubiri. Alihesabu moyoni. Alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kuita msaada shuka lilipopanda kidogo katikati ya mgongo, likashuka, likapanda tena.

Akaangalia saa yake, akaandika saa tisa na dakika kumi na moja. Ilitakiwa iwe kabla ya saa tisa na dakika tano. Mkufunzi alisoma alichoandika, akamwambia kwamba asubuhi kamanda wa zamu atauliza kuhusu dakika hizo sita. "Akiuliza utamwambia nini?" nikasema. Alikuwa anawasha gari. Alisema hajui bado, ila namba hataibadilisha, na kwamba sasa anataka kulala.